Tutoze Pesa Ngapi? Somo la Kupanga Bei ya Kujaza Ritani za Ushuru



Tunatoka Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi. Sisi ni kikundi kidogo cha vijana wenye kompyuta, na kazi yetu kubwa ni kuwasaidia majirani kujaza ritani za ushuru. Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo moja ambalo lilitusumbua sana, yaani bei. Mtu akiuliza, "Mnatoza ngapi?", tumjibu nini? Na jibu hilo tulitoe wapi?

Nyinyi mlioko vijijini huenda mkauliza, "Mambo hayo ya Nairobi yanatuhusu nini sisi?" Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, PIN imekwisha fika kijijini. Kijana anayeomba mkopo wa masomo wa HELB huombwa PIN. Anayeajiriwa huombwa PIN. Kikundi kikienda kufungua akaunti, benki nyingi huuliza PIN za maofisa wake. Na mtu aliyesajiliwa kwa ushuru wa mapato anatakiwa kujaza ritani kila mwaka, hata kama hakupata senti moja. Pili, njia ya kupanga bei tutakayoonyesha hapa inafaa kazi nyingine pia: kupiga chapa, kukodisha viti na hema, kusaga unga, kunyoa nywele. Kwa hiyo someni pamoja, na mwishoni mjadiliane.

YALIYOTUPATA

Tulipoanza tulikuwa na kompyuta moja kuukuu na mashine ya kuchapisha. Saiba ya jirani ilikuwa ikitoza sh. 200 kwa ritani. Tukasema, sisi tutatoza nusu yake, na watu wote watakuja kwetu. Tukaandika ukutani kwa rangi nyekundu: RITANI SH. 100.

Kweli, watu walikuja. Mwisho wa kujaza ritani za mtu binafsi ni tarehe 30 Juni, na mwezi huo foleni ilifika barabarani. Tulihudumia watu 212. Mweka hazina wetu alikuwa akitabasamu kila jioni. Lakini tulipoketi Julai kufanya hesabu, tukaona hivi: tulipokea sh. 21,200. Pango, stima, bando la intaneti, wino na karatasi vilikula sh. 13,000. Zikabaki sh. 8,200. Tulikuwa watu watatu, tumefanya kazi usiku na mchana mwezi mzima, na kila mmoja akapata sh. 2,700 na ushei. Mtu akibeba mizigo sokoni kwa mwezi mzima hupata zaidi.

Tukasema basi, hiyo ni hasara yetu wenyewe, tutavumilia. Hatukujua kwamba hasara kubwa haikuwa yetu.

Kulikuwa na mzee mmoja mlinzi, kazi yake Industrial Area. Alikuja saa ya chakula, ana haraka ya kurudi kazini, na hakuwa na fomu ya P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na ushuru uliokatwa. Kijana wetu aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa na watu ishirini nyuma ya mzee huyo. Hakumwuliza chochote. Alifungua iTax, akajaza ritani ya nili, yaani ritani inayosema kwamba mtu huyu hakuwa na mapato, akamchapishia karatasi, akachukua mia yake. Dakika tano, imekwisha. Mwaka uliofuata mzee alirudi, tukafanya vivyo hivyo.

Baadaye kazi yake ilikwisha. Akasikia kwamba kuna nafasi mahali pengine, mshahara ni mzuri kuliko wa kwanza, lakini wanataka cheti cha kuonyesha kwamba mtu ametimiza mambo ya ushuru. Alipokwenda kukiomba akaambiwa, "Mzee, ritani zako zasema hukupata kitu, na mwajiri wako ametuletea ushuru wa mshahara wako kila mwezi. Karekebishe kwanza." Waajiri hupeleka hesabu ya PAYE kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kila mwezi, pamoja na PIN za wafanyakazi. Hakuna maficho hapo.

Mzee alirudi kwetu. Tulirekebisha ritani zote mbili bila malipo, maana iTax inaruhusu kurekebisha ritani iliyokosewa, na tukamrudishia mia mbili zake. Lakini kutafuta P9 za miaka miwili kwa mwajiri aliyekwisha achana naye kulichukua majuma mawili. Nafasi ile ilipewa mtu mwingine. Mzee hakutukana. Alisema tu, "Vijana wangu, mlinitoza mia moja. Kumbe kazi yangu ndiyo iliyokuwa bei."

Usiku huo tulikutana. Wengine walitaka yule kijana aondolewe. Yeye akatujibu, "Niondoeni, lakini mkiweka mwingine hapo atafanya vile vile. Kwa mia moja mnataka nimhoji kila mtu nusu saa?" Tukanyamaza. Alikuwa amesema kweli. Kosa lilikuwa lake, ndiyo, lakini bei yetu ndiyo iliyomsukuma. Bei moja kwa kila kazi humfundisha mfanyakazi kuchagua kazi fupi kuliko zote. Na katika ritani, iliyo fupi kuliko zote ni nili.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Hivi ndivyo tulivyopanga upya.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA GHARAMA ZOTE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, andika kila kitu kinachotoka mfukoni kwa mwezi mmoja. Zetu zilikuwa hivi wakati huo:

Pango la chumba: sh. 5,500
Intaneti: sh. 2,500
Stima: sh. 1,500
Karatasi na wino: sh. 1,500
Akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikiharibika: sh. 2,000
Jumla: sh. 13,000

Angalieni ule mstari wa akiba ya kompyuta. Vikundi vingi huusahau. Posho mili, cherehani, kompyuta, zote huzeeka. Usipoweka akiba, siku mashine inapokufa na kikundi kinakufa nayo.

Halafu andika mshahara wa anayeketi kufanya kazi. Sisi tulikuwa hatuandiki, tukidhani kwamba kinachobaki ndicho chetu. Hiyo si njia. Mtu anayefanya kazi ajue atapata nini. Tulikubaliana sh. 20,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja kwenye kompyuta moja.

Mwisho, tuliongeza sh. 3,000 za mfuko wa kikundi. Mfuko huu una kazi mbili ambazo tutazieleza mbele. Sasa jumla ni 13,000 na 20,000 na 3,000, yaani sh. 36,000 kwa mwezi.

HATUA YA PILI: HESABU SAA ZA KAZI YA KWELI

Mfanyakazi wetu huketi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni saa 200. Lakini je, saa zote 200 ana mteja mbele yake? La. Kuna kungoja, kuna stima kupotea, kuna mtandao kugoma, kuna mtu kuuliza bei kisha aende zake. Tuliweka alama daftarini kwa miezi mitatu, tukaona kwamba kazi yenye malipo ni kama saa 100 tu kwa mwezi.

Kwa hiyo tunagawa sh. 36,000 kwa saa 100, siyo kwa 200. Tunapata sh. 360 kwa saa. Dakika moja ni sh. 6.

Hapo ndipo tulipoona ujinga wetu wa kwanza. Mia moja inanunua dakika zisizofika 17. Katika dakika hizo huwezi kumkaribisha mtu, kumwuliza maswali, kumsaidia aliyesahau nywila yake, kujaza, kuhakikisha, na kuchapisha. Unaweza kubonyeza nili tu.

HATUA YA TATU: PIMA KILA AINA YA KAZI

Tulichukua saa ya ukutani, tukapima kazi kumi za kila aina, pamoja na maswali ya mwanzo. Tukazidisha dakika kwa sh. 6. Ubao wetu mpya ukawa hivi:

Maswali ya kwanza, kujua mtu anahitaji ritani gani: bure
Ritani ya nili, baada ya kuulizwa maswali (dakika 25): sh. 150
Ritani ya mshahara, P9 moja (dakika 50): sh. 300
Ritani ya mshahara, P9 mbili (dakika 75): sh. 450
Ritani ya mwezi ya biashara ndogo, daftari likiwa sawa (dakika 30): sh. 180
Kupanga risiti na daftari lililovurugika: sh. 360 kwa saa, baada ya kukubaliana kwanza

Bei hizi ni zetu. Msizinakili. Pango la kijijini si pango la Kayole, na labda kikundi chenu kina chumba cha bure. Nakilini njia.

Tueleze kidogo kwa nini dakika zinatofautiana. Mwenye P9 mbili kwa miezi ile ile huwa amepewa nafuu ya ushuru mara mbili, kila mwajiri akidhani ni yeye peke yake. Kwa hiyo mara nyingi anadaiwa, na ni lazima tumweleze kwa upole mpaka aelewe. Maelezo hayo ni kazi, nayo ina bei.

Mwenye biashara naye ni tofauti. Tangu Julai 2023, anayeuza kwa zaidi ya shilingi milioni 1 na si zaidi ya milioni 25 kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, na hujaza kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kwisha. Mama wa mitumba Gikomba anayeuza sh. 100,000 kwa mwezi atalipa sh. 3,000. Akileta daftari lenye jumla ya kila siku, kazi ni nusu saa. Akileta mfuko wa plastiki umejaa vikaratasi, ni nusu siku. Ubao wetu unamwonyesha wazi kwamba kuweka daftari kutampunguzia gharama. Wengi wamejifunza kuweka daftari kwa sababu ya ubao ule kuliko kwa mahubiri yetu yote.

HATUA YA NNE: SEMA BEI KABLA YA KUGUSA KOMPYUTA

Hii ni sheria ya kikundi. Kwanza maswali bila malipo: Umeajiriwa? Uliajiriwa mwaka uliopita, hata kwa mwezi mmoja? Una biashara? Una nyumba ya kupangisha? Una P9? Baada ya hapo tunasema, "Mama, kazi yako ni hii, bei yake ni hii. Tuendelee?" Akisema la, hana deni. Akisema ndiyo, tunaandika bei kwenye kitabu cha risiti kabla ya kuanza, na haipandi hata kama mtandao umetuchelewesha saa nzima. Mtandao si kosa lake.

Maswali yale lazima yawe bure. Ukiyatoza, mtu atasema, "Wacha maswali, nijazie nili niende," na tumerudi kwa mzee wetu mlinzi. Kuna wanaosema hivyo hata sasa, nao wana P9 mfukoni! Tunawajibu, "Ndugu, hatuwezi. Kuandika uongo hakuna bei kwenye ubao." Wengine hukasirika wakaenda kwingine. Mteja wa namna hiyo ni afadhali kumpoteza.

MAMBO MANNE YA KUEPUKA

1. Usitoze hofu. Anayechelewesha ritani ya mwaka hutozwa adhabu ya sh. 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Ikifika tarehe 29 Juni watu wanaogopa, na wapo wanaopandisha bei mara tatu. Sisi tulifikiri sana juu ya jambo hili, maana kweli Juni ni kazi ngumu. Tukaamua kutopandisha Juni, bali kupunguza Februari hadi Aprili, wakati kompyuta inakaa bure. Ritani ya P9 moja ni sh. 250 miezi hiyo. Foleni ya Juni imepungua, na makosa yamepungua pia.

2. Usitoze asilimia. Wakati mwingine mtu amekatwa zaidi, naye anastahili kurudishiwa. Wapo wanaomwambia, "Tutagawana." Hii ni hatari. Anayelipwa asilimia atatamani namba iwe kubwa kuliko ukweli, na atakayeulizwa kesho ni mwenye PIN. Hata huko Marekani, idara yao ya ushuru, IRS, huwaonya wananchi wajihadhari na anayetoza asilimia ya pesa za kurudishiwa. Kazi ya kuomba pesa zirudishwe ina dakika zake, itoze kwa dakika hizo.

3. Usitoze mfuko wa mtu. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepokea kodi ya kati ya sh. 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi hiyo, naye pia hujaza kila mwezi. Mwenye vyumba kumi vya sh. 5,000 hapa kwetu hupokea sh. 50,000, na ushuru wake ni sh. 3,750. Mmoja wetu alisema, "Huyu ana pesa, mtoze elfu mbili." Lakini kazi yake ilikuwa dakika 20. Leo ukimtoza kwa sababu anazo, kesho utamtozaje yule asiyenazo? Tulimtoza sh. 120. Alileta wenye nyumba wengine wanne.

4. Usimfunge mteja. Wapo wanaoweka barua pepe yao wenyewe kwenye akaunti ya iTax ya mteja, ili mwaka ujao asiweze kuingia bila wao. Hiyo ni bei ya siri, na ni wizi. Kwetu mteja hutumia barua pepe yake na simu yake. Nywila anaiandika kwa mkono wake mwenyewe, na sisi hatuna daftari la nywila za watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, nayo haibagui saiba na benki.

Tena, pesa za ushuru zisipitie mikononi mwetu. iTax hutoa nambari ya malipo, na mteja hulipa serikali yeye mwenyewe kwa simu au benki. Sisi hupokea malipo ya kazi yetu tu, na kumpa karatasi mbili: risiti yetu, na ile ya KRA ya kuthibitisha kwamba ritani imepokelewa. Asipopata hiyo ya pili, kazi haijaisha.

MFUKO WA KIKUNDI UNA KAZI GANI?

Kazi ya kwanza ni makosa yetu. Tukikosea, tunarekebisha bila malipo. Adhabu ikitokea kwa kosa letu, mfuko unalipa. Kama mteja alituficha jambo, hilo ni lake, na ndiyo sababu tunaandika majibu yake na kumwomba atie sahihi.

Kazi ya pili ni wasio na uwezo. Tulipopandisha bei ya nili kutoka 100 hadi 150, kijana mmoja aliyemaliza shule na hana kazi alituambia, "Hamsini hiyo ni chakula changu." Ni kweli. Kwa hiyo nusu ya mfuko, sh. 1,500, inalipia ritani 10 za nili kila mwezi kwa wasio na kazi. Zikiisha, tunawaambia ukweli ambao saiba nyingi hazipendi kuusema: kujaza ritani kwenye iTax hakuna ada. Anayeweza kujijazia na ajijazie. Kwenye kituo cha Huduma, kama kile cha Makadara, kuna meza ya KRA na msaada wake ni bure. Tunachouza sisi ni wakati wetu, kiti cha kukalia, na uangalifu. Tukiogopa mteja ajue hilo, basi hatuuzi kitu.

KUMBUKENI SHERIA

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 imeweka leseni ya wakala wa ushuru. Msijiite mawakala wala kuandika neno hilo mlangoni kama hamna leseni. Kabla ya kuanza, nendeni ofisi ya KRA iliyo karibu, elezeni mnachotaka kufanya, mwulize mnahitaji nini. Mteja akiwa na mgogoro na KRA, au kampuni, au hesabu zinazowashinda, mpelekeni kwa wakala mwenye leseni au kwa mhasibu. Kusema "hili hatuliwezi" hakuna aibu, wala hatulitozi.

Viwango vya ushuru hubadilika karibu kila mwaka kwa Sheria ya Fedha. Ikifika Julai, ulizeni upya.

Na jambo la mwisho, ambalo lilituchekesha. Mwaka ule wa kwanza tulijaza ritani za watu 212, tukasahau zetu wenyewe. Pesa tunazolipwa ni mapato. Anayejazia watu naye ajaze.

MWISHO

Mtatuuliza, je, wateja walipungua? Walipungua. Juni iliyofuata tulihudumia watu 131 badala ya 212. Lakini pango lililipwa, mfanyakazi alipata mshahara wake, mfuko ulikuwa na pesa, na hakuna aliyerudi na machozi. Yule kijana aliyekosea hatukumwondoa. Ndiye anayeuliza maswali ya kwanza mlangoni sasa, naye hauliziki haraka. Mzee mlinzi alipata kazi nyingine baada ya miezi mitano. Kila Machi anakuja na P9 yake mkononi, na anakataa tusipomwandikia risiti.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chenu hutoa huduma gani? Bei yake mliipata wapi: kwa hesabu, au kwa kuangalia jirani?

2. Andikeni gharama zenu zote za mwezi. Je, mmeandika akiba ya kununua mashine nyingine na malipo ya anayefanya kazi?

3. Kati ya saa ambazo mtu wenu huketi kazini, ni ngapi zenye malipo? Pimeni kwa mwezi mmoja, msikisie.

4. Je, kuna kazi ambayo bei yenu inamsukuma mfanyakazi kuifanya haraka au vibaya? Ni nani anayeumia?

5. Mwenye pesa atozwe zaidi kwa kazi ile ile? Sisi tulisema la. Nyinyi mnaonaje, na kwa nini?

6. Nani katika kikundi ana PIN na hakujaza ritani mwaka uliopita? Msimcheke. Msaidieni juma hili.